Yogati ya nyumbani inatoka maji na inavutika: tatizo ni mbegu au joto?

Bint_Kisauni

Salaam aleikum wapendwa. Nyumba yetu ni ya watu sita na yogati haikai. Dukani hapa nusu lita ya yogati ni shilingi 150, nusu lita ya maziwa ya pakiti ni 65. Hata ukihesabu gesi, kuitengeneza mwenyewe ni karibu nusu ya bei.

Utaratibu ni huu: lita mbili za maziwa ya ATM (ile mashine ya dukani inayouza maziwa kwa kipimo), yanapashwa mpaka yawe moto kiasi bila kuchemka, yanatiwa mbegu, yaani vijiko vinne vya mezani vya yogati ya dukani, sufuria inafunikwa na kuachwa juu ya meza mpaka asubuhi. Matokeo: yameganda nusunusu, maji yameelea juu, na ukichota kwa kijiko yanavutika kama mrenda wa bamia.

Je, maziwa lazima yachemke hata kama ni ya ATM? Mbegu iongezwe? Na yale maziwa mabichi yanayoletwa mtaani kwa bodaboda ni bora zaidi? Nyingine naitaka nzito ya kurowekea nyama ya biriani, maana hii nyepesi inageuza rojo kuwa supu.

JikoTudor

Waaleikum salaam dadangu. Mbegu usiongeze. Vijiko viwili vya mezani kwa kila lita ni kipimo sawa kabisa, na ukizidisha uchachu unakuja mbio, maziwa yanakaza ghafla, unapata chengachenga na maji mengi kuliko uliyo nayo sasa. Kinachokuharibia ni joto, tena mara mbili: kabla ya mbegu na baada ya mbegu.

Tuanze na kabla. Maziwa ya ATM yanatakiwa yawe yameshapashwa kiwandani, kwa hiyo kwa usalama ni afadhali kuliko mabichi. Lakini kwa uzito wa yogati hayajafika. Yanatakiwa yapande mpaka digrii 85 na yakae hapo dakika 20 hadi 30. Katika joto hilo zile protini za majimaji zinafunguka na kushikamana na kaseini, ambayo ndiyo inayoganda. Zikishikamana, mtandao unaojengeka baadaye una nguvu na unayashika maji yake. Usipofika hapo, mtandao ni dhaifu, na maji unayoyaona yakielea ndiyo hayo yaliyokosa pa kushikwa.

Kama huna kipimajoto, angalia sufuria: mvuke unatoka wazi, mapovu madogo yamezunguka ukingoni, na utando umeanza kujikunja juu. Hapo shusha moto uwe mdogo kabisa na ukoroge ukikwangua chini kwa mwiko bapa, kwa sababu maziwa yakishika chini harufu ya kuungua haitoki tena, itakufuata mpaka kwenye bakuli. Acha sufuria wazi. Lita mbili zikipungua kidogo kwa mvuke, hiyo ni faida, yogati itakuwa nzito zaidi bila kuongeza kitu.

Kisha yapoze. Weka sufuria ndani ya beseni la maji ya bomba, koroga, badilisha maji yakipata joto. Unatafuta digrii 43 hadi 45. Kipimo cha jikoni: kidole kilichooshwa vizuri kikae ndani ya maziwa huku unahesabu polepole moja mpaka kumi, unasikia moto lakini hulazimiki kukitoa. Ukikitoa kwenye tano, bado ni moto mno. Kuanzia digrii 50 bakteria wa yogati wanaumia, na ukipita 55 umewaua, utaamka ukute maziwa vilevile ulivyoyaacha.

Toa utando. Chota kikombe kimoja cha maziwa hayo, vuruga mbegu humo mpaka isibaki hata tonge, ndipo urudishe kwenye sufuria na kukoroga taratibu mara chache.

Sasa baada ya mbegu, na hapa ndipo wengi wa pwani tunapodanganywa na jua letu. Meza ya Mombasa usiku ni digrii 25 mpaka 30. Sisi tunaona ni fukuto, lakini bakteria wa yogati wanataka 42 hadi 44. Kwenye 30 wanatambaa tu, na mara nyingi kwenye ubaridi huo ndipo wanapotoa ule ute unaovutika. Wakichelewa hivyo, vijidudu vingine vya jikoni navyo vinapata nafasi ya kuingia.

Dawa ni hotpoti. Ijaze maji ya moto sana, ifunike dakika kumi, yamwage, tia maziwa yenye mbegu mpaka yakaribie mdomo (nafasi tupu inakula joto), funga, izungushie leso mbili au blanketi, iweke pembeni isiguswe. Usiifungue kuchungulia. Saa 6 hadi 8 zinatosha.

Bahari_na_Jiko

Kwa asiye na subira ya kukaa jikoni nusu saa: maziwa ya pakiti yasiyohitaji friji yamepashwa kiwandani zaidi ya digrii 130. Unayapasha tu mpaka digrii 44, unatia mbegu, basi. Gesi kidogo, hakuna utando, hakuna kuungua.

JikoTudor

Ni kweli, inafaa, ila yogati yake hutoka laini zaidi kuliko ya maziwa uliyoyapika mwenyewe kwenye 85. Ukitumia hayo, ongeza maziwa ya unga vijiko vitatu vya mezani kwa lita. Uvuruge kwenye maziwa yakiwa baridi, kabla ya moto, la sivyo utapata mabonge. Zaidi ya vitano, ladha ya unga inaonekana ulimini. Kwa maziwa ya ATM yaliyopikwa vizuri unga hauhitajiki, na ni gharama ya bure.

Likoni_Maziwa

Niingie kwenye suala la maziwa ya bodaboda. Yanaweza kuwa bora kuliko yote, kwa sababu mafuta yake hayajatolewa. Yanaweza pia kuwa mabaya kuliko yote.

Kwanza, mabichi hayaingii kwenye yogati bila kupikwa, kwa hali yoyote ile. Bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaompata na mtu, hupitia kwenye maziwa mabichi, na kugandisha hakuiondoi. Ule moto wa digrii 85 uliotajwa hapo juu unaimaliza, kwa hiyo hatua hiyo kwako itakuwa ya lazima mara mbili.

Pili, maji. Laktomita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa, ni kitu rahisi kununua na inalipa. Maziwa safi ya ng'ombe yanasoma kati ya 28 na 32. Chini ya hapo, shuku maji. Lakini nyingi zimepimwa kwa digrii 20, na maziwa ya moto yanasoma chini kuliko yalivyo. Usije ukamsingizia mtu wizi saa saba mchana kwa maziwa yaliyopanda juani. Yapoze kwanza.

Tatu, na hili ndilo linalowachanganya watu: maziwa mazuri kwa macho, mazito, yamepikwa sawa, mbegu ni ile ile ya wiki iliyopita, na bado hayagandi. Mara nyingi sababu ni dawa. Ng'ombe akitibiwa kwa antibiotiki, dawa inatoka pamoja na maziwa kwa siku kadhaa, na bakteria wa yogati ni wepesi sana kufa kwa dawa hizo. Kuchemsha hakuiondoi. Wapo pia wanaotia kemikali maziwa yasiharibike njiani, na kemikali inayozuia kuharibika inazuia kuganda vilevile. Kwa muuzaji mpya, gandisha kikombe kimoja kabla ya kumwaga mbegu kwenye lita tano. Kikombe kikigoma na cha maziwa ya pakiti kikaganda kwa mbegu hiyo hiyo, umejua tatizo liko wapi. Maziwa hayo usiwape watoto.

Nne, usijaribu kwa maziwa ya ngamia ukitegemea matokeo haya. Protini zake zimepangika tofauti, yanachacha lakini yanabaki mepesi ya kunywa. Ya mbuzi yanaganda, ila laini.

Bint_Kisauni

Shukran sana, nimeelewa mengi. Hotpoti ya hapa ni ya lita moja na nusu tu. Na mbegu ya dukani, yafaa yoyote? Maana ya vanila ndiyo inayopatikana kila mahali.

MpishiTononoka

Ya vanila acha. Sukari na rangi si tatizo kubwa kwa mara ya kwanza, ila hutajua ladha ya unachokitengeneza. La muhimu zaidi soma pakiti: iwe imeandikwa ina bakteria hai, na iwe inauzwa kutoka kwenye friji. Zile zinazokaa rafuni bila friji kwa miezi zimepashwa tena baada ya kuganda, hakuna kilicho hai ndani, hata utie kopo zima. Angalia na tarehe. Mpya ndiyo yenye nguvu.

Maziwa lala usiyatumie kama mbegu ya yogati. Yana bakteria wa aina nyingine, wanaopenda digrii 22 hadi 30, na ukiwafungia kwenye hotpoti ya 44 wanashindwa. Lakini mtu asiye na hotpoti wala blanketi, mimi ningemshauri atengeneze lala badala ya kupigana na yogati: pika maziwa vilevile, yapoze kabisa mpaka yawe sawa na joto la chumba, tia vijiko viwili vya lala kwa lita, yaache mezani usiku mmoja. Hali yetu ya hewa inawafaa hao bila kazi yoyote.

Kuhusu ukubwa wa hotpoti: tumia chupa za glasi za jemu. Zisuuze kwa maji ya moto, zijaze maziwa yenye mbegu, zifunike, uzipange ndani ya sufuria kubwa au kasha la barafu, kisha umimine maji ya digrii 45 yafike mabegani mwa chupa. Funika na blanketi. Maji hayo yanashika joto kuliko hewa, na baada ya saa tatu unaweza kuchota kidogo na kuongeza ya moto bila kuzitikisa chupa.

Imeiva ukiinamisha chupa kidogo na yogati ikaachana na ukingo kwa pamoja, haimwagiki kama maziwa. Hapo usiikoroge. Ingiza kwenye friji saa nne au tano nzima kabla ya kuigusa, baridi inaikaza. Ukiichelewesha kwenye joto mpaka ipitishe muda wa saa 12, inakuwa kali na maji yanatoka hata kama kila kitu kingine ulikifanya sawa.

Sasa ya biriani. Tandika kitambaa cha melimeli juu ya chujio, chujio juu ya bakuli, mimina yogati iliyokwisha poa, funika, iache ndani ya friji saa tatu mpaka nne. Nje ya friji usiiache, kwa joto letu itaendelea kuchacha na nyama itakuwa kali. Lita moja inakupa takriban nusu lita nzito inayosimama kwenye kijiko. Maji yaliyochujika ni mali: kandia unga wa mkate badala ya maji, au tia kwenye unga wa chapati.

Na isije ikakatika motoni: itoe kwenye friji mapema, ivuruge iwe laini, changanya kijiko kimoja cha unga wa dengu kwa kila kikombe, itie kwenye rojo moto ukiwa mdogo huku unakoroga upande mmoja. Inakatika zaidi ukiitia baridi kwenye mafuta yanayochemka.

Bahari_na_Jiko

Na mbegu ya mara nyingine inatoka wapi, au ni kununua kila wiki?

JikoTudor

Toa vijiko vyako siku ile ile yogati inapopoa, kabla haijatiwa sukari wala kuguswa na kijiko cha mtu, weka kwenye chupa ndogo safi, itumie ndani ya wiki moja. Ukirudia mara nne au tano, badilisha. Bakteria wa yogati ni aina mbili zinazosaidiana, na kadiri unavyorudia, moja inaizidi nyingine: yogati inaanza kuwa kali mno au inachelewa kuganda. Stima ikikatika saa chache, isikutie hofu, uchachu wenyewe unailinda, itaongezeka ukali tu. Ukiona ukungu hata doa dogo, mwaga chupa nzima, usikwangue juu na kula ya chini.

Bint_Kisauni

Allah awabariki. La mwisho: watoto wanaitaka na nanasi. Inatiwa wakati gani?

MpishiTononoka

Baada ya kuganda na kupoa, na nanasi lipikwe kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, yogati inageuka chungu na nyepesi ndani ya saa chache. Papai bichi vilevile. Katakata nanasi dogo, tia sukari vijiko vitatu, chemsha dakika kumi mpaka maji yake yawe shira nzito, lipoe kabisa. Embe na pasheni havina shida hiyo, tia vilivyo, ila changanya kwenye bakuli la kuliwa siku hiyo. Iliyobaki iache nyeupe, inakaa mpaka wiki mbili.