Nagurski, Bednarik au Lott: tuzo ipi inamtambua kweli mlinzi bora wa futiboli ya vyuo Marekani?

Mkazi_wa_Baridini

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Kila msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani (si kandanda) unapokwisha, hutolewa tuzo zaidi ya moja kwa mchezaji aliyetia fora katika ulinzi, na majina ya washindi hayalingani kila mwaka. Tuzo ya Bronko Nagurski hutolewa na chama cha waandishi wa habari za mchezo huo tangu 1993, na hafla yake hufanyika Charlotte, North Carolina. Ya Chuck Bednarik iko chini ya Klabu ya Maxwell, ambayo asili yake ni Philadelphia, na wapigakura wake ni pamoja na wanachama wa klabu, makocha na wanahabari. Ya Ronnie Lott ndiyo changa kuliko zote mbili, kwani ilianza 2004 huko California. Ninaandaa orodha ya walinzi wa kufuatilia kabla timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, hazijachagua wachezaji wapya kutoka vyuoni mwezi wa Aprili, nami ningependa kuegemea tuzo moja badala ya kuhangaika na zote. Mngenishauri ipi?

Mstari_wa_Mbele

Ndugu, mimi ningechukua Nagurski bila kusita. Miaka ambayo Nagurski na Bednarik humpa mtu mmoja haitufundishi lolote kuhusu tofauti ya tuzo hizo: Charles Woodson wa Michigan alizichukua zote mbili 1997, Ndamukong Suh wa Nebraska 2009, Aaron Donald wa Pittsburgh 2013. Tazama miaka zinapoachana. Mwaka 2002 waandishi walimpa Terrell Suggs wa Arizona State, aliyekuwa amewaangusha makwotabeki (warusha pasi wa timu pinzani) mara 24 katika msimu mmoja, ilhali Bednarik ilikwenda kwa E. J. Henderson wa Maryland. Mwaka 2011 waandishi walimpa Luke Kuechly wa Boston College, na Bednarik ikaenda kwa Tyrann Mathieu wa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana). Baadaye Suggs alikuwa mlinzi bora wa mwaka wa NFL 2011, naye Kuechly akapata heshima hiyo 2013. Simdharau Mathieu, ambaye amekuwa na maisha marefu na mazuri katika ligi ya kulipwa, lakini kwa mwenye kutafuta kilele cha ligi, jicho la waandishi limeona mbali zaidi.

Kipenga

Hoja ya Mstari_wa_Mbele ni nzuri, ila ameuruka mwaka unaomsuta. Mwaka 2010 Nagurski ilikwenda kwa Da'Quan Bowers wa Clemson, Bednarik ikaenda kwa Patrick Peterson wa LSU, na ile ya Lott, ambayo wengi huitaja mwishoni kana kwamba ni ya kujazia nafasi, ikaenda kwa J. J. Watt wa Wisconsin. Bowers alisumbuliwa na goti, akasubiri hadi raundi ya pili ndipo akachaguliwa. Watt alichaguliwa wa 11 na Houston, akawa mlinzi bora wa NFL 2012, 2014 na 2015.

Hata hivyo, kuwa mkweli kunanilazimu niseme kwamba tuzo ya Lott haimpimi mchezaji uwanjani pekee. Vigezo vyake ni pamoja na uadilifu, ukomavu, masomo na mchango kwa jamii, na kiwango cha mchezo ni kimoja tu miongoni mwa hivyo. Mtu anaweza kuishinda akiwa mlinzi wa pili au wa tatu kwa ubora nchini, na hilo halitakuwa kosa la wapigakura, kwa sababu hawakuombwa kumtafuta mlinzi bora na kuishia hapo.

Bibi_Mizani

Naona mnapima tuzo kwa mambo yaliyotokea miaka mingi baada ya kutolewa. Scooby Wright wa Arizona alizoa Nagurski na Bednarik 2014, na Tyler Matakevich wa Temple akazizoa zote mbili 2015; katika uchaguzi wa NFL wa 2016 wote wawili walisubiri hadi raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho. Je, wapigakura walikosea? Hapana. Waliulizwa nani alicheza vizuri msimu ule, wakajibu swali waliloulizwa.

Mwaka unaofaa kuuchunguza ni 2021, kwa kuwa tuzo tatu zilikwenda kwa watu watatu tofauti, na kila mmoja alikuwa na sababu iliyosimama. Nagurski alipewa Will Anderson wa Alabama, aliyewaangusha makwotabeki mara 17 na nusu (nusu hiyo huandikwa pale walinzi wawili wanapomfikia mtu kwa pamoja, na mimi huiona kuwa hesabu ya haki kuliko nyingi za mchezo huu). Lott alipewa Aidan Hutchinson wa Michigan, ambaye mara zake zilikuwa 14 na ambaye alimaliza wa pili katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo kwa jumla, jambo ambalo ni nadra kwa mlinzi. Bednarik ikaenda kwa Jordan Davis wa Georgia, ambaye kwa takwimu za aina hiyo hakukaribia hata robo ya Anderson.

Asiyeutazama mchezo wenyewe atadhani hapo pana upendeleo. Davis ni pande la mtu anayesimama katikati ya mstari wa mbele, na kazi yake ni kuwalazimisha wapinzani wawili wamzuie yeye peke yake, ili wenzake waliopo nyuma yake wawe huru kumfikia mwenye mpira. Akifanya kazi hiyo kikamilifu, jina linaloandikwa ni la mwenzake. Georgia ilitwaa ubingwa wa taifa msimu ule kwa ulinzi ambao timu chache ziliweza kuupenya. Kwa hiyo mwaka huo wapigakura wa Bednarik walitazama kazi isiyoandikwa, na waandishi wakatazama kazi iliyoandikwa. Kwangu mimi uamuzi wa kwanza ulikuwa mgumu zaidi na wa kuheshimika zaidi, ingawa kama ningekuwa na kura moja tu ningempa Anderson.

Kona_Tupu

Na 2024 je? Bednarik ilimpa Travis Hunter wa Colorado, ambaye alikuwa akicheza pande zote mbili, akipokea pasi timu yake inaposhambulia na kuwakaba wapokeaji inapolinda. Nagurski ikampa Kyle Kennard wa South Carolina, anayelinda tu. Nashawishika kwamba Bednarik ndiyo iliyolitendea haki jina lake, kwani Bednarik mwenyewe alicheza pande zote mbili katika kikosi cha Philadelphia Eagles kilichotwaa ubingwa wa 1960.

Bibi_Mizani

Hoja ya jina haikusaidii, ndugu Kona_Tupu. Nagurski naye alicheza pande zote mbili akiwa Minnesota, na mwaka 1929 aliteuliwa miongoni mwa bora wa taifa katika nafasi mbili tofauti. Swali halisi ni kama muda ambao Hunter aliutumia kushambulia uhesabiwe katika tuzo ya ulinzi. Mimi nasema usihesabiwe. Apimwe kwa dakika zake za kulinda tu, na kwa kipimo hicho Kennard, aliyeongoza SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, kwa kuwaangusha makwotabeki mara 11 na nusu, hakuwa chaguo la kubahatisha.

Mkazi_wa_Baridini

Nawashukuru nyote. Nilitaka tuzo moja, na sasa naona kwamba mshindi pekee hatanitosha kwa kazi niliyoikusudia.

Kipenga

Basi usitazame mshindi, tazama walioingia fainali. Nagurski huwa na watano na Bednarik watatu, kwa hiyo hata katika mwaka ambao hakuna jina linalojirudia utakuwa na watu wanane wa kuanzia. Zaidi ya hayo, waandishi wa Nagurski humtangaza mlinzi bora wa kila wiki msimu unapoendelea; anza kuyaandika majina hayo tangu Septemba, na utaweza kuona ni nani aliyejirudia kabla hata kura za mwisho hazijapigwa. Ya Lott iongeze pembeni, hasa ikimtaja mtu ambaye hizo nyingine mbili zimemwacha.