Tuba ya B-flati, ya E-flati au susafoni: ipi iifae kwaya ya tarumbeta?

Mwalimu wa Kwaya
Ndugu wanajukwaa, kwaya yetu ya tarumbeta, iliyo katika usharika mmoja wa Kilimanjaro, ina koneti nne, tromboni tatu na yufoniamu moja, lakini haina besi ya chini kabisa. Fedha tulizochanga zinatosha tuba moja (ala kubwa ya shaba ya besi) iliyokwisha kutumika, na tumepata tatu za kuchagua: ya B-flati, yaani iliyojengwa juu ya noti hiyo, yenye pistoni tatu (vitufe vinavyorefusha njia ya pumzi), ya E-flati yenye pistoni tatu pia ambayo bei yake ni ya chini zaidi, na susafoni, yaani tuba ya kuvaa mwilini. Ibadani tunapuliza tukiwa tumeketi, ila harusi na misiba tunaisindikiza kwa miguu. Atakayepuliza ni kijana wa miaka 14 aliyeanzia kwenye koneti. Naombeni ushauri.

Pafu Pana
Mwalimu, kabla ya bei tazama noti. Bomba la tuba ya B-flati likinyooshwa lina urefu wa takribani mita 5.5, na la E-flati takribani mita 4. Pistoni zote tatu zikibonyezwa pamoja huishusha sauti kwa nusutoni sita (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili). Kwa hiyo, tukiziacha kando noti za msingi, zile za chini kabisa za bomba, ambazo mwanafunzi hawezi kuzitegemea, E-flati huishia kwenye A, ilhali B-flati huteremka hadi E iliyo chini zaidi ya hapo. Sasa fungua kitabu chenu cha nyimbo uangalie mstari wa besi, utakuta G na F zimejaa. Kijana akitaka kupuliza oktavu moja chini ya waimbaji wa besi, na huko ndiko uzito wa kwaya unakotoka, E-flati hiyo itamlazimisha kurukia juu katikati ya mstari, na hata msharika asiyejua kusoma noti atasikia kwamba wimbo umepoteza sakafu yake. Tuba ya kwanza, ambayo mkuu wa bendi za kijeshi Wieprecht na fundi wa ala Moritz waliipatia hataza (haki ya uvumbuzi) Berlin mwaka 1835, ilikuwa ya F, yaani fupi, na ndiyo maana iliwekewa vali tano (pistoni ni aina ya vali). Bomba fupi lenye vali chache halifiki chini.

Fundi wa Shaba
Nakubaliana nawe kuhusu pistoni tatu, lakini E-flati isihukumiwe yote kwa hiyo moja. Yenye pistoni nne, iliyotengenezwa kwa mfumo wa fidia aliobuni David Blaikley wa Uingereza katika miaka ya 1870, hufika E ile ile ya chini, tena kwa sauti iliyonyooka, kwa sababu pistoni ya nne inapobonyezwa pumzi hupitishwa kwenye vijibomba vya nyongeza. Bila fidia, pistoni ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja noti hutoka juu kidogo kuliko inavyotakiwa, na mpulizaji hana budi kuvuta bomba la kuteleza kwa mkono wa kushoto huku akiendelea kupuliza. Mfundisheni kijana hilo tangu wiki ya kwanza.

Msindikiza Maharusi
Mimi nimebeba susafoni kwa miaka tisa. Ilitengenezwa mara ya kwanza na mtengenezaji ala J. W. Pepper mwaka 1893 kwa matakwa ya John Philip Sousa, kiongozi wa bendi wa Marekani, na kwa kawaida nayo ni ya B-flati, hivyo noti zake ni zile zile. Hulizunguka tumbo, hulala juu ya bega la kushoto na kuiacha mikono huru, wakati tuba ya kawaida yenye kilo 10 hivi, ukitembea nayo kilomita mbili, hukunyang'anya pumzi kabla wimbo haujakudai. Lakini kanisani huelekeza sauti mbele, moja kwa moja kwenye migongo ya tromboni, nayo ya tuba hupanda darini na kushuka juu ya watu wote. Kwa kuketi, sitaisifia.

Mwanakoneti
Kijana anasoma kwa utaratibu gani? Katika bendi za Kiingereza tuba huandikiwa kwa ufunguo (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha noti zisomweje) uleule wa koneti, hivyo vidole havibadiliki. Wanaofuata utaratibu wa Kijerumani husoma ufunguo wa besi kwa sauti halisi, na hapo atahitaji miezi kadhaa.

Mwalimu wa Kwaya
Tunafuata wa Kijerumani, nasi tutampa miezi hiyo. Leo nimekwenda naye kuijaribu ya B-flati. Ilipowekwa kwenye kiti katikati ya mapaja yake, mdomo wa kupulizia ulimfikia kwenye paji la uso. Tulipokunja kanga mbili akazikalia, ukamfikia vizuri, akashuka polepole hadi F, na benchi tulilokalia likatetemeka. Tumelipia nusu. Fundi, mabomba mawili ya kuteleza yamegoma kutoka, je, niyalazimishe?

Fundi wa Shaba
La hasha. Yapake mafuta ya kupenya kwenye maungio, uyaache usiku kucha, kisha uyavute kwa kitambaa bila kuyapinda.