Nyumba moja, majiko mangapi? Maana ya "nyumbani" katika ujenzi wa vijijini China

Mchora_Ramani:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kule Fujian, kusini mwa China, kuna yale majengo makubwa ya udongo yanayoitwa tulou, jengo moja watu mamia. Kwingine kuna nyumba ndogo ya vyumba vitatu, ndugu wawili wanalala chini ya paa moja, lakini kijiji kinawahesabu kaya mbili. Sasa "nyumbani" kwao ni jengo, ni watu, au ni nini? Na fundi anakijengaje hicho kitu? Maelezo ya jumla ya kwamba wanaheshimu mababu ninayo. Natafuta mpangilio, vipimo, na wapi mambo huharibika.

Kizingiti:
Hesabu majiko, kuta ziache. Sisi tunasema kijana akioa kapata jiko. Mchina wa kijijini angekuelewa upesi, ila kwake kuoa hakutoshi. Kaya mpya huzaliwa siku jiko linapogawanywa. Kitendo hicho kinaitwa fenjia, kugawana nyumba, na kwa kawaida hufanyika baada ya watoto wa kiume kuoa.

Utaratibu wake ni huu. Anaitwa msimamizi asiye na fungu, mara nyingi mjomba, yaani kaka wa mama. Mali hupangwa mafungu yanayolingana kwa idadi ya watoto wa kiume, wanapiga kura, hati inaandikwa na kila mmoja anabaki na nakala. Wazazi hutengewa fungu lao, au hukubaliwa kwamba watakula kwa zamu kwa kila mtoto. Kisha kila kaya inawasha jiko lake. Taiwan ilikuwa desturi kaka mkubwa kubaki na jiko la zamani, wadogo wakachukua makaa ya moto kutoka humo kwenda kuwashia majiko yao mapya. Hapo mungu wa jiko amehamia nao. Picha yake ya karatasi hubandikwa juu ya jiko, na mwezi wa 12 wa kalenda yao, tarehe 23 kaskazini na 24 sehemu nyingi za kusini, hupakwa peremende ya kunata mdomoni ili akifika mbinguni kutoa taarifa ya mwaka aseme matamu au asiweze kusema kabisa.

Ila ukumbi haugawanywi. Nyumba ya kawaida ina vyumba vitatu kwa safu, na idadi hupendelewa iwe witiri ili kiwepo cha katikati. (Enzi ya Ming, 1368–1644, sheria ilimzuia raia wa kawaida kujenga safu pana kuliko vyumba vitatu, aliyetaka zaidi aliongeza safu nyingine nyuma ya ua.) Hicho cha katikati ndicho ukumbi: ukuta wa nyuma una meza ndefu, vibao vya majina ya mababu, au karatasi nyekundu yenye maneno matano: mbingu, ardhi, nchi, wazazi, mwalimu. Hiyo "nchi" zamani ilikuwa "mfalme"; ilibadilishwa baada ya ufalme kuanguka. Harusi inafungwa hapo, na maiti inalazwa hapo. Ukisimama ukumbini ukitazama nje kusini, kushoto kwako ni mashariki, upande wa heshima, kwa hiyo mtoto mkubwa hupewa huko na mdogo magharibi.

Ugomvi hutoka kwenye vile visivyogawanyika: ukumbi, kisima, njia ya kupita na mfereji wa maji ya mvua. Hati isipovitaja kimoja kimoja, ndugu mmoja ataweka kuni ukumbini na mwingine ataziba njia.

Moshi_wa_Kuni:
Kizingiti kamaliza, naongeza tulou tu. Familia haipewi ghorofa, inapewa kipande cha wima, kama kipande cha keki: chini jiko, juu yake ghala la nafaka, ghorofa za juu vyumba vya kulala. Kwa hiyo kila familia ina jiko lake, na bado jengo zima lina mlango mkuu mmoja na ukumbi mmoja wa mababu kwenye uwanja wa kati. Chengqilou, wilaya ya Yongding, lililokamilika 1709, lina miduara minne mmoja ndani ya mwingine, na ukumbi uko kitovuni.

Msingi ni mawe, kwa sababu udongo ukikaa majini unayeyuka. Juu yake udongo hushindiliwa ndani ya fremu ya mbao, tabaka juu ya tabaka, na kati yake hulazwa vipande vya mianzi au mbao ili ukuta usipasuke. Ukuta ni mnene chini, zaidi ya mita moja, na hupungua kadiri unavyopanda. Upenu lazima utokeze sana. Kinachoua jengo ni kuhama kwa watu: kigae kimoja kikiteleza hakuna wa kukirudisha, maji yanaingia kwenye boriti, na jiko lisipowaka hakuna moshi wa kukausha mbao na kufukuza wadudu. Tulou 46 ziliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini kibali hakiwashi jiko.

Fundi_Randa:
Swali la seremala bado halijajibiwa. Mlango haupimwi kwa sentimita peke yake. Kuna rula ya Lu Ban, mlezi wa maseremala, yenye urefu wa takriban sm 42.9, imegawanywa sehemu 8 za takriban sm 5.36, kila moja ikiaminika kuleta bahati au nuksi yake: mali, maradhi, kutengana, uadilifu, cheo, msiba, madhara, neema. Nzuri ni ya 1, 4, 5 na 8. Ukimaliza rula moja unaanza upya.

Chukua mlango wa sm 80. Toa 42.9, inabaki 37.1, gawa kwa 5.36 unapata 6.9, umeangukia sehemu ya saba, madhara. Ongeza sentimita moja tu, 81, umeingia ya nane, neema. Sm 90 iko kwenye mali, 92 imeshatumbukia kwenye maradhi. Kosa la kawaida ni kupima fremu kwa nje; kinachopimwa ni uwazi, mahali mtu anapopita. Siku hizi futi za kuvuta zenye alama hizo zinauzwa, nyekundu nzuri, nyeusi mbaya. Angalia urefu wa rula kwanza, maana mapokeo hayalingani na futi mbili zinaweza kukupa majibu mawili.

Cha pili ni boriti ya mgongo wa paa, juu ya ukumbi. Huchaguliwa siku, boriti inafungwa kitambaa chekundu, inapandishwa kwa fataki, na fundi aliye juu anarusha peremende, mikate ya mvuke na sarafu kwa majirani. Kabla ya hapo hairuhusiwi kuvukwa kwa miguu. Siku hiyo fundi halipwi kwa kupunjwa: iliaminika seremala aliyedhulumiwa anaweza kuficha kitu cha nuksi ndani ya maungio ya mbao.

Mchora_Ramani:
Shukrani sana. Na kaskazini kwenye baridi, ni vilevile?

Moshi_wa_Kuni:
Jiko linakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu linapasha kitanda. Kang ni jukwaa la matofali, kwa kawaida chini ya dirisha la kusini. Moshi wa jiko hupita chini yake kabla ya kutoka kwenye dohani. Upande ulio karibu na jiko ndio wenye joto, na ni wa wazee na wageni. Moshi ukirudi chumbani, njia imejaa masizi au udongo wa juu umepasuka. Zibua na ukandike upya kabla ya baridi, maana gesi ya mkaa huua watu usingizini.

Kizingiti:
Na usisahau sheria ya leo. Ardhi ya kijiji ni ya jumuiya ya kijiji, na kanuni ni kaya moja kiwanja kimoja. Mtu wa mjini haruhusiwi kukinunua. Kwa hiyo fenjia sasa ni pia njia ya kustahili kuomba kiwanja. Nyumba mpya ni za zege, ghorofa tatu, juu hakuna anayelala hadi Mwaka Mpya wao, wenyewe wako mjini kazini. Zinajengwa hata hivyo, kwa sababu kijana asiye na nyumba hupata taabu kuposa. Kwenye ramani, kosa linaloleta manung'uniko ni kupitisha ngazi katikati ya chumba cha kati cha chini. Ngazi iende pembeni au nyuma, meza ya mababu ibaki ikitazama mlango.