Kaniunguzia amplifaya, halafu anasema mkono wangu mzito!

Wakuu, nina hasira mpaka wali wa Kyela umenishinda.

Yule fundi muziki wa hapa Mbeya. Simtaji. Yule anayevaa koti la mvua hata kiangazi na anajibu kabla hujamaliza swali. Mnamjua. Jana kwenye mkesha wa kwaya nimepeleka amplifaya yangu ya gitaa, wati 100, nyuma imeandikwa isifungiwe spika za chini ya omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Boksi langu la spika ni omu 4, wameishi pamoja miaka bila ugomvi. Jamaa akaja na boksi lake, nalo omu 4, akalichomeka sambamba na langu. Nikamwambia, fundi, nne na nne sambamba zinakuwa mbili, utaiua. Akanijibu mbele ya sauti ya kwanza yote: "Kijana, nne na nne ni nane. Umesoma wapi?"

Pambio la pili, moshi. Moshi wa kukausha samaki wote wa Matema!

Sasa sikieni. Akachukua MAIKI. Akasema: "Wapendwa, mashine ni nzima, tatizo huyu kijana ana mkono mzito." Kwenye maiki! Mama mchungaji akacheka. Mkono mzito, mimi! Na maiki ilikuwa na mwangwi, kwa hiyo ikawa "mzito, mzito, mzito".

Besi_Mwanjelwa: Kwani ulifungwa kamba? Ungechomoa waya mwenyewe.

Mleta uzi: Nilikuwa nimeshika gitaa.

Besi_Mwanjelwa: Kwa mkono upi, ule mzito?

BintiTukuyu: Ndaga fijo, asante sana kwa uzi, nimecheka mpaka chai imemwagika. Boksi lako lina wati ngapi?

Mleta uzi: Spika mbili za wati 60, dada. Jumla 120. Zinaibeba vizuri kabisa.

BintiTukuyu: Basi spika zimepona, zitakuwa zimekufa transista za kutolea sauti. Omu zikishuka, umeme unaovutwa unapanda, zinaiva. Nne na nne zinakuwa nane ukifunga kwa mfuatano tu. Mwambie.

Mleta uzi: Nimwambie saa ngapi, ana maiki!

Kihesa_Juu: Afadhali wewe. Huku Iringa wa kwetu aliwasha amplifaya ya valvu, zile za zamani za taa za kioo, bila spika yoyote, eti "anaipasha moto". Transfoma ikaenda. Ya transista ingevumilia, ya valvu haitaki utani huo. Akadai ni baridi ya Iringa.

Besi_Mwanjelwa: Iringa nako kuna baridi?

Kihesa_Juu: Njoo Julai na hilo shati lako.

MakambakoStendi: Nyie mna amplifaya za kuungua. Mimi nimeuza viazi, mnunuzi kaja na magunia ya lumbesa, kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe. Nikilalamika ananiambia "mama, hewa hiyo".

BintiTukuyu: Mwe! Hewa!

Kihesa_Juu: Hao ndio wa kuanzishiwa uzi. Mimi walinifanyia kwenye vitunguu.

Mleta uzi: Jamani, kwenye maiki, mbele ya mama mchungaji...

MakambakoStendi: Pole mwanangu, ngoja kwanza. Aliyepo Uyole leo, debe la viazi linaendaje?