Bastola ndogo ya kubeba kila siku, nichukue ipi?

MbebaBoksi: Wakuu, niko Houston napiga shifti za usiku, tangu 2021 Texas hawadai tena leseni kubeba ukishafika miaka 21 na rekodi yako safi, sasa nataka ya kuficha chini ya tisheti, nimeshika Glock 19 na SIG P365 dukani nimebaki njia panda.

Mkongwe: Glock 19 ni punda, magazini risasi 15. Ila kama we mwembamba itatuna kiunoni. P365 inabeba 10, ukikaa kwenye gari huisikii.

DadaDallas: Mi ninayo P365, inaruka mkononi kuliko hiyo kubwa ujue. Usiiamini mpaka uipige risasi kama 200, zikiwemo zile zile utakazobeba. Yangu ya mwanzo, ya kampuni nyingine, ganda lilikuwa linakwama kila magazini ya pili, nikauza.

Mkongwe: Na holsta bana, ule mfuko wa kuwekea bastola kiunoni! Nunua ngumu inayofunika triga yote, zile za kitambaa achana nazo. Leseni chukua tu mdogo wangu, ukivuka jimbo unaweza kuihitaji.

MbebaBoksi: Poa, Jumamosi naenda renji, pale pa kulenga shabaha, nakodi zote mbili.