Nguruwe wangu kafa na joto kwenye banda safi, wa jirani wanaogaagaa kwenye tope wako fiti. Nielewesheni wakuu

Mfugaji_Sikonge
Wakuu habari za jioni, niko Sikonge huku Tabora na nimeumia kweli. Nilikuwa na nguruwe weupe saba sasa wamebaki sita. Mwaka jana nilijikakamua nikajenga banda la kisasa, sakafu ya zege, bati juu, nafagia asubuhi na jioni. Jumamosi mchana jike langu lenye mimba likaanza kuhema mdomo wazi, mate yanatoka, likashindwa kusimama, saa kumi haijafika limeshakufa. Jua la Oktoba kabla mvua hazijaanza huku mnalijua. Kinachoniuma zaidi, mzee jirani yangu nguruwe wake wanashinda kwenye dimbwi nyuma ya kisima, tope mpaka masikioni, na mimi ndo nilikuwa namwambia kila siku mzee wangu hawa watakufa na uchafu, mpaka leo hajapoteza hata mmoja. Hilo tope linasaidia nini hasa au ni bahati yake tu?

Mifugo_Kasulu
Mwakeye mkuu, pole sana, jike lenye mimba ni hasara ya uzao mzima. Mi kazi yangu ni mifugo huku Kasulu na hili naliona kila kiangazi, sio bahati ya jirani yako. Nguruwe hana jasho la kumpoza. Wewe ukisikia joto unalowa, upepo ukipita unapoa, yeye tezi za jasho anazo chache na hazimsaidii kitu, hivo anabaki na kuhema tu. Mkubwa anasikia raha kwenye nyuzi 18 mpaka 20 hivi, ikivuka 25 anaanza kuteseka, sasa piga hesabu chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana, na zege halina pa kuchimba akapata ubaridi wa udongo. Tope ndo jasho lake. Maji yaliyo kwenye tope yanakauka taratibu na kila yanapokauka yanaondoka na joto la mwili, ukimwagia maji ya ndoo yanateleza chini na kukauka fasta, tope linang'ang'ania. Likishakauka linakuwa kama nguo, hawa weupe wanaungua na jua kabisa, utaona masikio na mgongo vinababuka. Na chawa na kupe wanang'oka nalo akijisugua ukutani. Kuna mtafiti wa Uholanzi Marc Bracke, mwaka 2011 alipitia tafiti nyingi za jambo hili akaeleza kwamba sio joto peke yake, hata siku za baridi nguruwe wanagaagaa, ni hitaji lao. Kwa hiyo tukiwanyima tope kwa jina la usafi tunawatesa, mi nasema wazi.

Dereva_wa_Ugalla
Nimeendesha magari ya wageni Ugalla na Katavi miaka kadhaa, hayo anayosema mtaalamu porini yapo wazi. Tembo akitoka kwenye tope anajirushia vumbi juu yake halafu anatafuta mti anajisugua, ile miti ya karibu na madimbwi utaikuta imelainika mpaka inang'aa. Mwaka 2018 watafiti wa Geneva walionyesha zile nyufa ndogondogo za ngozi ya tembo wetu wa Afrika zinashika maji mara 5 mpaka 10 kuliko ngozi ingekuwa laini, yaani mikunjo tunayoiona ya kizee ndo tanki lake. Nyati madume wazee nao utawakuta wamelala topeni peke yao. Ila kiboko wa Katavi ndo huwa wananisikitisha, mto Katuma ukikauka wanabanana mamia kwenye tope zito, mgongo nje. Yeye ana dawa yake mwenyewe, anatoa majimaji mekundu kwenye ngozi yanayozuia jua na vijidudu, Wajapani waliyachunguza 2004.
Kaka Sikonge, kama uko karibu na pori angalia ngiri wasije kuoga dimbwi moja na nguruwe wako.

Bi_Mwanga
Mimi nguruwe sifugi wala sili ila mada imenigusa, nina saluni hapa Mwanga, Kigoma mjini. Wateja wananiulizia sana tope la usoni, lile jeusi la Bahari ya Chumvi kule Yordani na Israeli, watu wenye magonjwa ya ngozi wanasafiri mpaka huko kujipaka. Korea Kusini mji wa Boryeong una tamasha la tope kila Julai tangu 1998, lilianza ili kutangaza vipodozi vilivyotengenezwa na tope la pwani yao. Na wanawake wa Kihimba wa Namibia wanajipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya maziwa, kwenye jua lile unawakinga. Kwa hiyo tusicheke nguruwe. Ila sio kila udongo ni wa kupaka, dada zangu wanachota tu mtoni wanajipaka wakiwa na vichunusi vilivyopasuka, hapana jamani.

Fyatua_Tofali
@Bi_Mwanga kweli dada. Nakanyaga tope la matofali hapa Ipuli kila siku, miguu inapoa vizuri lakini jioni ngozi inapasuka, na mwenzetu alikanyaga msumari humo akaupuuza, akapata pepopunda. Mwenye kidonda asiingie.

Mfugaji_Sikonge
Asanteni sana. Nimemwomba mzee msamaha leo asubuhi, kaniitikia tu mwanangu chimba shimo. Nichimbe la ukubwa gani, na niweke nyuma ya kisima kama yeye?

Mifugo_Kasulu
Hapana, hapo kwenye kisima nilitaka kurudi, mwambie mzee kwa heshima alihamishe, kinyesi kinaingia topeni na maji yale mnakunywa. Weka mbali na kisima na mbali na choo pia, nguruwe akila kinyesi cha mtu anapata tegu na kwa binadamu lile linaleta kifafa. Chini ya mwembe ni pazuri maana kivuli ni nusu ya dawa. Kina kisizidi magoti yako, upana walale wote sita bila kugombana, ongeza maji kila asubuhi na likianza kunuka litoe lote uweke udongo mpya. Wa jirani wasiingie lako wala wako wasiende kwake, homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia mtaani hiyo haina tiba, na ngiri wanaibeba bila kuumwa, Dereva kasema kweli. Watoto wasicheze humo. Na ukimuona mwingine anahema hivyo, usimswage, muache kivulini alipo umlowanishe na maji ya kawaida taratibu ukianza na miguu, sio ya friji. Zege usivunje, watahitaji pa kulala pakavu usiku, toboa tu mlango upande wa mwembe.

Mfugaji_Sikonge
Sawa mkuu, jembe liko mkononi. Kesho naweka picha.