Tupeane uzoefu: umeingiaje kwenye udalali wa nyumba na viwanja Dodoma, na umesomea wapi?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, yupo nyumbani Kikuyu, na anataka kufanya udalali wa nyumba na viwanja kwa kufuata taratibu. Tangu serikali ianze kuhamia huku, kila kijiwe kina dalali, ila ukiuliza habari za elimu na leseni kila mtu ana lake. Mlio kwenye kazi, mlianzaje? Semeni mliyopitia wenyewe.

Mzee wa Ilazo
Nilianza na TIN ya TRA, nikasajili jina la biashara BRELA, kisha nikachukua leseni ya biashara jiji. Kote huko hakuna aliyeniuliza cheti cha udalali. Dogo aujue ukweli huo, lakini asome vilevile, maana mteja anakuja kwako na akiba ya maisha yake. Kuna mama mwalimu alipenda kiwanja Nzuguni. Muuzaji alikuwa na kopi safi ya hati, ya rangi kabisa, anasema halisi iko kwa baba yake kijijini. Nikamsihi mama asitoe hata shilingi, tukalipia upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za kiwanja, kwa Msajili wa Hati. Majibu: kiwanja kina rehani ya benki. Muuzaji hakupokea simu tena. Yule mama angepoteza kila kitu, na mpaka leo namfundisha kila kijana anayekuja ofisini upekuzi kwanza, kamisheni baadaye.

Binti Mkonze
Mimi nimepita Chuo cha Ardhi Tabora. Faida niliyoiona ni kujua kusoma makaratasi: barua ya toleo, ile ya kukupa kiwanja kabla ya hati, siyo hati yenyewe, na masharti ya matumizi yanaweza kukuzuia kujenga fremu za biashara kwenye kiwanja cha makazi. Dodoma ina mambo yake pia. CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilikuwa inatoa miliki ya miaka 33, ikavunjwa 2017, watu wakaanza kuhamia miaka 99. Kwa hiyo ukishika hati, angalia muda uliobaki kabla hujataja bei. Halafu asijiite mthamini, yule wa kukadiria thamani ya mali! Uthamini una sheria yake ya 2016 na bodi inayosajili.

Wakili mtarajiwa
Naongezea: dalali wa mahakama, yule anayekamata na kuuza mali kwa amri ya mahakama, ni kazi nyingine kabisa. Kwa kanuni za 2017 anatakiwa kupata mafunzo chuo cha mahakama Lushoto.

Kaka wa Nkuhungu
Dada yangu yupo Texas. Kule kabla ya leseni unasoma saa 180, unafanya mtihani, na ukifaulu unafanya kazi chini ya dalali mwenye leseni ya juu. Natamani sana hicho cha mwisho kije kwetu, kijana asiachiwe hela za watu peke yake.

Mpangaji Ihumwa
Mimi naongea kama mteja. Nilipohamishiwa Mtumba kwenye mji wa serikali, dalali mmoja alichukua hela ya kunizungusha, akanionyesha vyumba vyenye watu tayari. Dogo akitoa risiti na kuandika makubaliano kabla ya kuzunguka, sisi wapangaji tutamtangaza bure.

Mleta mada
Nawashukuru mno. Binti Mkonze, kwa aliyesoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), Tabora wanampokea? Na Mzee wa Ilazo, ofisini kwako kuna nafasi ya kijana wa kujifunza?